Subaru STI ya mtumba kama gari la pili

Ndugu, umeuliza kama Subaru STI, ile Subaru ya mwendo kasi, ya mtumba inafaa kuwa gari la wikendi hapo Nyali, Mombasa. Inafaa, ila anza na kutu kabla ya injini, maana upepo wa bahari hauna huruma. Bandua zulia la buti, kisha papasa ndani ya madigadi za nyuma na pale shoki zinapofungwa. Rangi iliyotutumka ni kutu iliyofunikwa.

Injini uikute baridi. Ukifika muuzaji ameshaiwasha, rudi siku nyingine. Mlio wa ko-ko-ko unaopanda na mwendo wa injini ni bearingi za konrodi (mikono inayoshika pistoni) zilizokwisha. Hapo usijadili bei, ondoka. Mlipe fundi wako, si wa muuzaji, apime kompresheni, yaani mgandamizo, ya silinda zote 4. Moja ikiwa chini mno, huenda pistoni imepasuka penye ringi. Taimingi belti isiyo na risiti ihesabu haijabadilishwa: ikikatika, valvu hugonga pistoni.

Logibuku ihakikishe kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Tairi nazo, gari la kuegeshwa huzizeesha kabla hazijaisha: 2318 ubavuni ni kwamba ilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2018.