Rais hapitishi sheria, Rais anapisha

Msomaji mmoja kaniandikia hivi: "Mwalimu shikamoo. Nimebishana na mwenzangu wiki nzima. Yeye kaandika kwamba Obama alipitisha sheria ya bima ya afya lakini akawasaliti waliomchagua, manake hakuwapa yote aliyoahidi. Nikamwambia Rais hapitishi sheria, anasaini tu. Akanicheka, akasema ni kitu kile kile na vyombo vya habari vyote vinaandika hivyo. Nani yuko sahihi? Na hilo neno kusaliti limekaa sawa?"

Marahaba, na pole kwa hiyo wiki. Uko sahihi wewe. Mwenzako kakosea mara mbili, kwenye kupitisha na kwenye kusaliti, ila la kupitisha limenikaa rohoni miaka mingi kwa hiyo ntaanza nalo na ntakaa nalo kidogo.

Kitenzi chetu ni pita. Kina watoto wawili wa kauli ya kutendesha, pisha na pitisha, na kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua tofauti yao hata kama hajawahi kukaa darasani. Ukimkuta mtu kasimama mlangoni unamwambia nipishe, humwambii nipitishe. Anayepisha anasogea pembeni tu, kazi ya kupita unaifanya mwenyewe kwa miguu yako. Anayepitisha ndo mwenye kazi. Mwangalie mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano, analowesha ncha, anaisokota, anakodoa jicho moja, anakosa, anarudia, uzi unapinda, anaukata anaanza upya. Hiyo ndo pitisha. Sasa tuulize, Rais wa Marekani anafanya ipi kati ya hizo mbili?

Chukua tarehe 23 Machi 2010, ikulu ya White House. Obama kakaa mezani, pembeni yake kuna kalamu 22 zimepangwa, anachukua moja kwa mkono wa kushoto anaandika kipande cha herufi, anairudisha, anachukua nyingine, kipande kingine, anairudisha, hivyo hivyo mpaka jina linakamilika, na jina lenyewe Barack Obama lina herufi 11 tu. Kalamu zile wanapewa watu waliohangaika na muswada wakae nazo kama kumbukumbu. Picha hiyo ndo imetuharibia kitenzi, manake mtu anaona meza, anaona kalamu, anasikia makofi, anaandika "Obama apitisha sheria ya bima ya afya". Rudi uiangalie polepole, kalamu moja moja, kisha uniambie ni ipi kati ya zile 22 iliyopitisha kitu. Hakuna hata moja, muswada ulishapita. Pale Rais alikuwa amesimama mlangoni, akasogea.

Waliopitisha wapo na wanahesabika. Asubuhi ya tarehe 24 Desemba 2009, kama saa moja hivi, Maseneta 60 walisema ndiyo na 39 wakasema hapana. Seneta Robert Byrd wa West Virginia, mzee wa miaka 92, alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu kuja kupiga kura, manake kila mmoja wa wale 60 alihitajika. Seneti ina viti 100 na mtu asiyejua atasema basi 51 wanatosha, lakini utaratibu wao unawaruhusu wapinzani kuendeleza mjadala bila kikomo ili kura isifike, na kuufunga mjadala huo zinatakiwa kura 60. Wademokrati walikuwa 58 na waliokaa upande wao bila kuwa na chama walikuwa 2. Jumla 60, bila hata mmoja wa akiba! Mmoja wa hao wawili, Joe Lieberman wa Connecticut, alisema hataunga mkono muswada wenye bima inayoendeshwa na serikali. Ikatolewa. Baraza la Wawakilishi, nyumba ya pili ya Bunge lao, lilishaiweka kwenye muswada wao mwezi Novemba, haikusaidia. Nani hapo kashika uzi na sindano, Rais au Lieberman?

Alafu Januari 2010 Chama cha Republican kikashinda kiti cha Massachusetts kilichoachwa na marehemu Ted Kennedy, wale 60 wakawa 59, na njia ya Seneti ikazibwa. Ikabidi Baraza la Wawakilishi likubali muswada wa Seneti kama ulivyo, wapende wasipende, na marekebisho yaje kwa muswada mwingine wa mambo ya bajeti ambao hauhitaji kura 60. Usiku wa Jumapili tarehe 21 Machi, 219 wakasema ndiyo, 212 hapana. Hakuna Mrepublican hata mmoja aliyesema ndiyo, na Wademokrati 34 wakasema hapana kwa Rais wa chama chao wenyewe. Geuza kura nne tu hapo uone kama zile kalamu zingetoka kwenye boksi lake.

Mwenzako atasema sawa, lakini Rais ndo alisukuma, ndo alihutubia, ndo alipiga simu kwa wabunge. Kweli kabisa, basi tuandike alisukuma, alishawishi, alibembeleza, alipigania, Kiswahili kina vitenzi vya kila moja ya kazi hizo na vyote ni vya heshima. Kwanini tuviache tukamate kimoja ambacho hakikuwa kazi yake?

Na kama bado anang'ang'ana, mpe hii. Septemba 2016 Bunge la Marekani lilimpelekea Obama muswada wa kuwaruhusu ndugu wa waliouawa tarehe 11 Septemba 2001 waishtaki Saudi Arabia mahakamani. Obama akaukataa. Katiba yao inasema theluthi mbili ya kila baraza ikisimama imara, muswada unakuwa sheria hata Rais akikataa. Seneti ikapiga 97 kwa 1, na huyo mmoja ni Harry Reid, kiongozi wa Wademokrati humo, Baraza la Wawakilishi 348 kwa 77, ikawa sheria siku hiyo hiyo tarehe 28 Septemba. Haya, kama ni Rais anayepitisha, hii nani aliipitisha? Hakupisha, wakampita. Na kuna njia nyingine ambayo watu wengi hawaijui, Rais akikaa na muswada siku 10 bila kuhesabu Jumapili, Bunge likiwa kwenye kikao, unakuwa sheria bila wino wake kabisa.

Kinachoniuma zaidi kwenye kosa hili kinakuja baadaye. Ukishamfundisha msomaji kwamba Rais hupitisha, siku sheria isipopita msomaji anakuuliza swali ambalo sarufi yako ndo imelizaa: kwanini hakupitisha? Jibu linalokuja haraka ni kwamba hakutaka. Aprili 2013, miezi michache baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa kwa risasi kwenye shule ya msingi Connecticut, Seneti ilipigia kura pendekezo la kupanua ukaguzi wa wanunuzi wa silaha. Ndiyo 54, hapana 46. Wengi walisema ndiyo na pendekezo likaanguka, manake 54 siyo 60. Nimesoma kwa Kiswahili, si mara moja, kwamba "Obama alishindwa kupitisha sheria ya silaha". Wale 46 wamepotelea wapi kwenye sentensi hiyo? Wametolewa na kitenzi kimoja, hakuna atakayewauliza kitu.

Wala usiniambie hatuna lugha ya kutenganisha. Katiba ya Tanzania ya 1977, Ibara ya 97, imetenganisha vizuri sana: kupitisha miswada ni kwa Bunge, na kwa Rais ni kibali, kukubali. Waandishi wa katiba ile walijua Kiswahili chao.

Maneno yenyewe asili yake kwa ufupi. Muswada, au mswada, ni la Kiarabu, shina lake ni la weusi, karatasi iliyotiwa weusi wa wino, yaani rasimu. Sheria nayo ni Kiarabu. Saini ni Kiingereza kilichooga kikavaa kanzu. Turufu tumeitoa kwa Wareno kwenye mchezo wa karata, na ndo maana sipendi "kura ya turufu" kwa Rais wa Marekani, manake hapigi kura popote, anakataa tu, sema amekataa au ametumia turufu inatosha. Kuridhia iachie mikataba ya kimataifa. Kutia saini, kuweka saini, kusaini, chagua unayoipenda. Kuidhinisha pia inafaa.

Wapo wanaokwenda mbali kuliko mimi, wanasema hata "Bunge limepitisha sheria" ni kosa, kwa sababu kinachopita ni muswada, sheria inazaliwa baadaye. Kimantiki wako sawa, ila sitagombana na mtu kwa hilo, nimechoka, na lugha yetu ina desturi ya kukitaja kitu kwa jina la kile kitakachokuwa. Tunasema anachimba kisima wakati pale kuna udongo mtupu. Tunasema anashona shati wakati mkononi ana kitambaa. Basi na Bunge lipitishe sheria. Lakini aliyekuja kuzindua kisima usimwite mchimbaji.

Kitu kingine kinachofanana na hiki ni kuita kila karatasi ya Rais sheria. Mwaka 2012 serikali ya Obama ilisimamisha kuwafukuza nchini vijana waliopelekwa Marekani wakiwa watoto bila vibali, mpango unaoitwa DACA. Tukaandika "sheria ya DACA". Haikuwa sheria, ulikuwa mwongozo wa kiutawala, na umetolewa hivyo kwa sababu njia ya Bunge ilikuwa imefungwa. Mwaka uliofuata Seneti ilipitisha muswada mpana wa uhamiaji kwa kura 68 kwa 32, Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura kabisa, ukafa. Mwaka 2014 Obama mwenyewe alisema ana kalamu na simu, na ni kweli, ila kilichoandikwa kwa kalamu ya Rais mmoja kinaweza kufutwa kwa kalamu ya mwingine, ndo maana Trump alitangaza kuuondoa mpango huo 2017 na kesi zikafika Mahakama ya Juu. Ukiita sheria, msomaji hataelewa kwanini ilitikisika kirahisi vile. Iite amri, agizo, mwongozo.

Sasa kusaliti. Kusaliti ni kuwatoa wenzako kwa adui. Kunahitaji nia, na kunahitaji kwamba ulikuwa na uwezo wa kutofanya. Mtu mwenye kura 60 na mmoja wa hao 60 anasema toa hiki au naondoka, akitoa hajamsaliti mtu, amelegeza msimamo. Kiswahili kina ngazi nzuri sana hapa na inasikitisha tukiruka zote tukatua kwenye usaliti: kulegeza msimamo, kukubaliana, kukutana katikati, kukubali yaishe, kusalimu amri, na huko chini kabisa kusaliti. Kila moja ina uzito wake. Wahenga walishalitaja hili kwa maneno mawili, lisilobudi hutendwa, na mpaka leo sijapata neno bora zaidi kwa ile siasa ya mtu anayepima alichonacho mkononi kabla ya kuahidi zaidi.

Mwangalie Lyndon Johnson na muswada wa haki za kiraia wa 1964. Johnson aliwahi kuwa kiongozi wa walio wengi Seneti, aliijua ile nyumba kila kona, na bado hakuweza kuupitisha, manake waliouzuia walikuwa Wademokrati wenzake wa kusini, walizungumza siku 60 za kazi ili kura isifike. Wakati ule kufunga mjadala kulitaka theluthi mbili. Ikabidi kumfuata Everett Dirksen, kiongozi wa Warepublican, na Dirksen alitaka baadhi ya vifungu vipunguzwe makali. Vikapunguzwa. Tarehe 10 Juni mjadala ukafungwa kwa kura 71 kwa 29. Usiku wa kuamkia siku hiyo seneta mmoja alizungumza zaidi ya saa 14 kuupinga, na ni yule yule Robert Byrd tuliyemwona juu kwenye kiti cha magurudumu, miaka 45 baadaye, akisema ndiyo. Na palikuwa na Seneta Clair Engle wa California, ana uvimbe kwenye ubongo, hawezi kutamka neno. Jina lake lilipoitwa kukawa kimya. Akainua mkono polepole akaonyesha jicho lake, kwa sababu kwa Kiingereza ile ndiyo ya bungeni inatamkwa sawasawa na neno la jicho. Ikahesabiwa ndiyo. Mwezi uliofuata akafariki.

Tarehe 2 Julai Johnson akasaini kwa kalamu zaidi ya 70. Aliyepitisha ni mwenye kile kidole na wenzake 70.

Kwa hiyo mwambie mwenzako aandike hivi: "Bunge la Marekani lilipitisha muswada wa bima ya afya mwezi Machi 2010, Obama akautia saini baada ya kulegeza msimamo kwenye baadhi ya aliyoahidi." Ni ndefu kidogo kuliko yake. Ikimkera, akate mwisho, asiguse mwanzo.