Usilivike bomba la dampo kitambaa

Masika yale bwawa la majitaka la dampo letu lilikuwa karibu kavu, nasi tukafurahi. Dampo lilikuwa na miaka mitatu tu, mvua inanyesha usiku kucha, na bado bomba lililolazwa chini ya taka, linaloleta maji yake bwawani, linatoa maji kiduchu kama la mtaani siku ya mgao. Tukajiambia taka zimefunikwa vizuri. Wiki mbili baadaye ubavu wa dampo ukaanza kuvuja maji meusi, yakateremka hadi kwenye majaruba ya majirani. Mama mmoja alinishika mkono, "Mwanangu, njoo uone," akanipeleka kwenye mpunga wake uliokuwa umeungua. Naandika haya kwa sababu yake.

Tulifukua upande wa chini. Bomba lilikuwa zima, matundu yake wazi. Kilichoziba ni kitambaa cha kuchujia, ile jiotekstaili, ambacho mkandarasi alikuwa amekizungushia bomba kama sanda. Kilikuwa kigumu kama ubao, cheusi, kinanuka mayai viza. Ukikwangua unakuta ukoko wa kijivu. Fundi wetu akaukamulia ndimu, ukatoa povu: chokaa.

Wengi hudhani kitambaa huzibwa na tope peke yake. Tope lipo, lakini adui mkubwa huzaliwa humo humo. Taka zetu nyingi ni maganda na mabaki ya chakula. Zikioza miaka ya mwanzo hutoa asidi, na maji yake hubeba kalsiamu kwa wingi. Bakteria hujishikiza kwenye nyuzi na kutanda ute, wanakula zile asidi, ukali wa maji unapungua na kaboneti inaongezeka. Hapo kalsiamu huganda, kama ukoko unavyojijenga ndani ya birika la maji ya kisima. Ndiyo maana huwezi kulikimbia jambo hili kwa kununua kitambaa cha bei kubwa. Utakachoweza ni kukipa kitambaa eneo kubwa, ili kizibe polepole.

Fanya hesabu hii. Bomba la milimita 200 lina mzunguko wa sentimita 63 hivi, kwa hiyo kila mita ya bomba ina kitambaa cha mita za mraba 0.63, na maji yote ya eneo lile hulazimika kupita hapo. Mabomba yakiachana mita 20, kitambaa kilekile kikitandazwa juu ya tabaka lote la kokoto lililo chini ya taka kinakuwa mita za mraba 20 kwa kila mita ya bomba. Ni zaidi ya mara 30. Tena kile kilichobana bomba hupitisha maji hasa pale penye matundu tu.

Kwa hiyo sisemi kitambaa kitupwe. Kule Keele Valley, dampo lililokuwa karibu na Toronto, Kanada, watafiti walifukua kokoto za milimita 50 zilizokwisha tumika. Zilizokuwa chini ya kitambaa zilikuwa zimebaki na nafasi nyingi zaidi za kupitisha maji kati yake kuliko zilizogusana na taka moja kwa moja. Kitambaa kinafaa kikiwa juu, kati ya taka na kokoto. Kokoto nazo ziwe kubwa, zinazolingana, zilizooshwa. Usikubali mchanga, hata ukiambiwa ni rahisi kupatikana. Na kwa ndugu zangu wa pwani: mawe ya matumbawe ni chokaa, asidi ya taka changa huyala. Afadhali granaiti, ingawa lori litatoka mbali.

Dai pia ncha za mabomba zifike juu ya ardhi, ili yasafishwe kwa maji ya shinikizo angalau mara moja kwa mwaka, kabla ukoko haujakomaa. Sisi hatukuwa nazo. Weka na bomba la kupimia kina cha maji juu ya tandiko la plastiki lililo sakafuni mwa dampo. Kanuni za Marekani huweka kikomo cha sentimita 30. Bwawa likikauka wakati wa mvua, kapime hapo siku hiyohiyo.

Kama bado uko kwenye michoro, fungua ukurasa wa mkato wa mtaro, unaoonyesha bomba na kokoto zake kana kwamba vimekatwa katikati. Ukiona mstari wa kitambaa umelizunguka duara la bomba, mpigie mhandisi simu kabla kokoto hazijamwagwa.