Kambare wa Tangini: Maswali Yenu Kuhusu Samaki Wakaao Chini

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanamhusu kambare wa tangini. Nimechukua yale yanayojirudia.

Nilinunua kambare wa sentimita 7 hivi: mgongo mweusi, mstari mweupe ubavuni, mkia mwekundu. Nilikuwa na samaki wadogo aina ya neoni 10, wamebaki 4, na sijaona hata mzoga mmoja. Ni ugonjwa gani huu?

Si ugonjwa, wameliwa. Uliyemweleza ni kambare mkia-mwekundu (Phractocephalus hemioliopterus) wa mito ya Amazon na Orinoco, na akikomaa huvuka mita moja. Akiwa mdogo anapendeza kweli, ndiyo maana anauzika, lakini tangi la sebuleni la kumtosha sijaliona.

Mwangalie mdomo. Uko mbele kabisa, na upana wake unakaribia upana wa kichwa chote. Kambare mwenye mdomo wa namna hiyo na ndevu ndefu ni mwindaji, na kazi yake huifanya taa zikizimwa, neoni wakiwa wametulia. Kambare mpole wa kuchanganya na samaki wadogo huwa na mdomo mdogo uliogeukia chini. Nikiwa dukani hilo ndilo jambo la kwanza ninaloangalia, kabla hata ya kuuliza jina, maana majina ya dukani huwa ya kubahatisha.

Kwa kipimo hicho utamkwepa pia Pimelodus pictus, yule wa rangi ya fedha mwenye madoa meusi. Hukomea sentimita 11 au zaidi kidogo, lakini neoni humtosha mdomoni. Na yule anayeuzwa kwa jina la papa, mwembamba wa kijivu asiyetulia, ni Pangasianodon wa mto Mekong: naye hupita mita moja.

Huyo wako mrudishe ulikomnunua au mtafutie mwenye bwawa la ndani. Mtoni usimwachie kamwe.

Nataka pleko, yaani kambare anayekwangua, wa kula mwani kwenye vioo, lakini naambiwa wengine hukua mno. Nitawatofautishaje wakiwa wadogo?

Hesabu vijiti vya pezi la mgongoni. Anayeuzwa sana kama "pleko wa kawaida" ni Pterygoplichthys, na pezi lake ni refu kama tanga la jahazi, lenye vijiti 10 au zaidi nyuma ya mwiba wa mbele. Huyo hufikia sentimita 40 na kuishi miaka mingi. Ancistrus, pleko asiyekua mno, ana vijiti 7 hivi, kichwa kipana kilichobapa, na hukomea sentimita 12 hadi 15. Dume akianza kukomaa huota vinyama kama matawi usoni hadi kwenye paji; jike huwa navyo vichache pembeni mwa pua, au hana kabisa. Subiri pezi lifunguke ndipo uhesabu, maana samaki akiogopa hulilaza.

Kwa tangi la lita 100 chukua Ancistrus mmoja. Madume wawili watagombea pango. Mwekee kipande cha gogo la kukwangua na vipande vya tango au boga usiku, kwa sababu mwani wa kwenye kioo huisha upesi kuliko unavyodhani. Na usimtarajie apunguze uchafu: pleko anakunya kuliko samaki yeyote wa ukubwa wake. Chujio na kubadilisha maji ni kazi yako.

Ukiona lebo ya pleko yenye herufi L na namba, ni mpangilio ulioanzishwa na jarida la Kijerumani la DATZ mwaka 1988, kwa sababu pleko walikuwa wakiletwa kabla hawajapewa majina ya kisayansi. L046, kwa mfano, ni yule wa mistari myeupe na myeusi wa mto Xingu, Brazili.

Koridora wangu, kambare mdogo wa chini, hupanda juu ghafla, hugusa uso wa maji na kushuka mbio. Anakosa hewa?

Hapana, ndivyo alivyoumbwa. Humeza hewa na kufyonza oksijeni kwenye utumbo. Ingia wasiwasi wakianza kupanda wote mfululizo. Hapo pima amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na uchafu wa tangi, kisha badilisha sehemu ya maji.

Nina koridora wawili, wa aina mbili. Wamejificha tu, na ndevu zao zimekuwa fupi. Nifanye nini?

Ongeza wenzao. Koridora ni wa kundi, 6 au zaidi wa aina moja. Hao wawili, hata wakifanana kwako, wao kwa wao si kundi. Kama nafasi ni ndogo chagua aina moja tu, yule anayejulikana sana kama Corydoras pygmaeus ana sentimita 2.5 hivi na anafaa tangi dogo.

Ndevu zinaisha kwa sababu ya sakafu. Koridora hutumbukiza pua mchangani, huchuja kwa matamvua na kuutoa mchanga nyuma ya mashavu. Kwenye changarawe zenye makali hawezi, na mabaki ya chakula yanayooza katikati ya mawe huziunguza ndevu kwa bakteria. Weka mchanga laini na uusafishe mara kwa mara. Ndevu zisipokuwa zimekwisha hadi shinani, huota tena. Tembe za chakula wape zile zinazozama, na joto liwe nyuzi 22 hadi 26.

Usishangae lebo zikibadilika. Mwaka 2024 wataalamu waliligawa jenasi la Corydoras, na yule wa shaba sasa anaandikwa Osteogaster aeneus. Matunzo ni yale yale.

Nafuga siklidi (samaki wa jamii ya perege) wa Ziwa Tanganyika. Koridora atafaa?

Hafai. Maji ya ziwa hilo ni magumu, pH yake inakaribia 9, na siklidi watamsumbua. Chukua Synodontis wa humo humo ziwani. S. petricola hufikia sentimita 10 hivi na ana madoa hadi tumboni. S. multipunctatus ana jicho kubwa zaidi, tumbo jeupe lisilo na madoa, na hukua kumpita. Huyu wa pili ana ujanja: siklidi wanaoatamia mdomoni wakitaga, naye hupachika mayai yake kati ya yao, mama huyaokota yote, na vifaranga vya kambare, vikitangulia kuanguliwa, huwala wale wa mwenye nyumba. Kama unataka siklidi wako wazaliane, mchukue petricola.

Ukimhamisha yeyote kati ya hao, tumia bakuli badala ya wavu. Miiba ya mapezi yao hujifunga ikisimama na kunasa kwenye nyuzi; akishanasa, kata wavu, usimvute.