Viroba 11 vya dagaa, na barua isiyomtaja mtu

SWALI

Assalaam alaykum, Bibi, na shikamoo. Nafanya biashara ya dagaa hapa Mkoani, Pemba. Mwezi uliopita nilipeleka Unguja viroba 11 kwa chombo cha watu, nikapewa risiti. Bandarini Malindi, huko huko Unguja, vilifika 7. Nimelalamika mara tatu, mwisho nikaletewa barua ya Kiingereza. Mwanangu wa fomu 3 kanisomea: "It is regretted that four bags were misplaced." Nilipomuuliza nani kavipoteza, kanijibu barua haisemi. Tena anasema mwalimu wao huzikata kwa wino mwekundu sentensi zote za namna hiyo, ati ni Kiingereza kibovu. Mbona basi sheria na barua za maofisini zimejaa hayo hayo? Ni hila, au ndivyo lugha yao ilivyo?

Muuza dagaa, Mkoani

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu, na marahaba. Pole sana kwa mali yako.

Nilikuwa mkalimani mahakamani miaka 22, kwanza Chake Chake, kisha Vuga. Hiyo ya barua yako huitwa kauli ya kutendwa: husema jambo limetendwa, na aliyelitenda si lazima atajwe. Ilinitoa jasho kuliko istilahi zote za sheria. Siku moja, katika kesi ya wizi wa duka, shahidi alisema: "Nilipofika nikakuta mlango umevunjika." Nikageuza kwa Kiingereza: "The door was broken." Hakimu akaandika. Wakili wa mshtakiwa akasimama pale pale, akaomba shahidi aulizwe upya: umevunjika, au umevunjwa? Mzee wa watu akarudia: umevunjika.

Kwetu sisi hayo ni mambo mawili. Mlango uliovunjika huenda bawaba zilioza, huenda ni upepo wa kusi. Mlango uliovunjwa una mkono wa mtu, hata kama hatumjui ni nani. Kiingereza changu kilikuwa kimebeba yote mawili kwa pamoja, na kijana aliyesimama kizimbani alikuwa karibu kubebeshwa mkono ambao shahidi hakuutaja. Hakimu akaufuta mstari. Usiku ule sikulala vizuri, na tangu hapo nikikutana na sentensi ya kutendwa, swali langu la kwanza ni hili: na nani?

Iulize barua yako swali hilo. Inasema: inasikitikiwa kwamba viroba vinne vilipotezwa. Mwanao angekufasiria kwamba viroba "vilipotea", angewafanyia hisani wasiyostahili, maana kitu hupotea chenyewe. Vilipotezwa. Neno walilotumia linakubali kwamba yupo aliyevipoteza, na jina lake tu ndilo waliloliacha. Mimi iliyoniudhi zaidi ni ile nusu ya mwanzo. "Inasikitikiwa": hata wa kusikitika hayupo! Mtu kapoteza mali ya mwenziwe, na pole yenyewe haina mwenyewe.

Wakubwa wa siasa wanaijua njia hii. Tarehe 27 Januari 1987, Ronald Reagan, rais wa Marekani, alilihutubia Bunge lao wakati nchi nzima inauliza habari za silaha zilizouzwa Iran kwa siri. Alisema makosa makubwa yalifanywa. Kisarufi haina kosa, ila mfanyaji hayumo. Na hapa nina ombi kwa wanaotufasiria habari. Kauli kama hizo huziandika "makosa yalifanyika", wakazidi kumsaidia msemaji. Harusi hufanyika, mkutano hufanyika. Makosa ya mtu andikeni yalifanywa, msomaji apate pa kuuliza.

Lakini mwalimu wa mwanao anakata mno. Katika sheria, kumwacha mtendaji mara nyingi ndiko kunakomlinda mnyonge. Mwaka 1215, Mfalme John wa Uingereza alitiwa shinikizo na makabaila wake mpaka akakubali mkataba unaoitwa Magna Carta. Uliandikwa kwa Kilatini. Kifungu cha 39 kinasema mtu huru hatakamatwa wala kufungwa ila kwa hukumu halali ya watu wa daraja lake, au kwa sheria ya nchi. Hatakamatwa na nani? Na yeyote. Wangeandika "askari hawatamkamata", mlinzi wa jumba angesema yeye si askari. Lakini waandishi wale hawakuishia hapo. Ndani ya kifungu hicho hicho wakageuza kauli, mfalme akasema kwa kinywa chake: wala sisi hatutamwendea, wala hatutatuma watu wamwendee. Kwanza mlango umefungwa kwa wote, kisha mwenye nguvu kuliko wote katajwa. Sijaona sheria iliyotumia kauli mbili vizuri kuliko hiyo.

Tangazo la uhuru wa Marekani la 1776 nalo lina funzo. Linaposema watu wameumbwa sawa na wamepewa haki, ni kutendwa, lakini aliyewapa anatajwa: Muumba wao. Likifika kwenye madhila ya Mfalme George wa Tatu, kutendwa karibu kunatoweka. Amekataa, amezuia, amevunja, mstari baada ya mstari, na mistari mingi inaanza na yeye. Mwenye kushitaki huandika hivyo.

Nawe andika hivyo. Kwanza ligeuze hilo karatasi la risiti. Nyuma mara nyingi kuna herufi ndogo zinazosema madai yote yawasilishwe ndani ya siku kadhaa. Hapo pia mtendaji hakutajwa, lakini ni wewe, na siku zinahesabika. Kisha waandikie kwa Kiswahili, ni haki yako, na pasiwe na sentensi isiyo na mtu: "Mimi nilimkabidhi karani wenu viroba 11. Yeye alivihesabu mbele yangu akanipa risiti hii. Nyinyi mlinikabidhi viroba 7. Niambieni nani alivipokea Malindi, na nani atanilipa hivyo 4." Tia tarehe ya kila jambo, piga kopi ya risiti, na ile ya asili usimpe mtu.

Wakikuletea tena barua ya Kiingereza, nipelekee. Nitakufasiria neno kwa neno, na kila palipoachwa mtu nitapapigia mstari.