Kabla Hujamtoa Malkia Kafara: Ushauri kwa Watunzi wa Mafumbo ya Sataranji

Fumbo la kwanza la sataranji nililotunga mwenyewe lilinichukua jioni tatu, na likavunjwa kabla chai haijapoa. Ilikuwa Tanga, kwenye benchi nje ya duka ambako tulikuwa tukicheza baada ya kazi. Ubao ulikuwa umefifia, na askari mmoja mweusi alishapotea zamani, nafasi yake ikachukuliwa na kifuniko cha soda. Nikapanga kete zangu na kumwita mzee aliyekuwa akitufundisha.

Ukiwa na ubao karibu, panga hivi (herufi ni safu ya wima, a hadi h kutoka kushoto kwa Mweupe; tarakimu ni mstari wa mlalo, 1 hadi 8 kutoka upande wake). Mweupe: mfalme g1, malkia a4, ngome e1, askari f2, g2 na h2. Mweusi: mfalme g8, malkia b6, ngome d8, askari f7, g7 na h7. Mweupe anaanza, anatoa meti, yaani anamtishia mfalme asiye na pa kuponea, kwa hatua mbili.

Jibu langu lilikuwa malkia kwenda e8, cheki, yaani mfalme ametishiwa. Mweusi hana hiari, ngome yake lazima imle malkia. Kisha ngome nyeupe inaila ngome hiyo palepale e8, na mfalme mweusi amefungiwa na askari wake mwenyewe. Nilikuwa nalipenda fumbo hilo kwa sababu ya malkia kujitoa. Mzee aliutazama ubao kitambo, hakusema zuri wala baya. Akaishika ngome ya e1, akaipeleka e8. Ngome nyeusi ikala. Malkia akashuka kutoka a4 hadi e8, meti.

"Mwanangu," akaniambia, "malkia wako amekufa bure."

Tangu siku hiyo nimetunga mafumbo mengi, na nimekosoa ya wenzangu mengi zaidi. Kosa lile nakutana nalo karibu kila wiki. Mtunzi anaanza na kafara anayoipenda, anapanga kete kuizunguka, halafu hajiulizi kama kuna njia nyingine. Fumbo lenye majibu mawili limevunjika, hata kama jibu la mtunzi ndilo lenye kupendeza. Kafara inagusa moyo wa mfumbuaji pale tu anapokuwa amejaribu njia zote za bei nafuu, zote zikagoma, akabaki anamtazama malkia wake na kujiuliza: kweli, hata huyu?

Kulitengeneza fumbo langu kulihitaji kete moja tu. Mtoe malkia a4, mweke e2, mbele ya ngome yake. Sasa ngome haiwezi kumruka, lazima malkia atangulie e8 na kuliwa, ndipo ngome imfuate. Kafara ni ileile na meti ni ileile, ila sasa ina ulazima. Nilipomwonyesha mzee kesho yake alitikisa kichwa polepole akasema, "Hili sasa limesimama." Mpaka leo sijapata sifa iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Kosa la pili ni kusahau kwamba kafara inaweza kukataliwa. Rudisha malkia a4. Kuna kijana aliuona mpango huohuo, akaniletea jibu la tatu: malkia aende d7! Ngome nyeusi ikimla, ngome nyeupe inashuka e8, meti. Inapendeza, lakini nani kamlazimisha Mweusi ale? Anasogeza ngome yake f8 na meti ya hatua mbili imeyeyuka. Unapotunga, kaa upande wa pili wa ubao kwa dhati, umtetee yule unayetaka kumshinda kana kwamba umemwekea dau. Kila kafara ijibiwe maswali mawili: akila, inakuwaje? Asipokula, inakuwaje? Kama jibu la swali la pili hulijui, usimpe mtu fumbo hilo bado.

Siku hizi kuna programu za kucheza sataranji kama Stockfish, ya bure, inayoingia hata kwenye simu. Itumie, lakini iulize vizuri. Watu wengi huiacha ionyeshe mstari mmoja bora tu, yaani mfululizo mmoja wa hatua, wakiona kafara yao iko juu wanaridhika. Iambie ionyeshe mistari mitatu. Mstari wa pili nao ukiwa ni meti ya hatua zilezile, una kazi ya kufanya. Hata hivyo, programu haitakuambia kama kafara yako imejificha vya kutosha au inaonekana kama ngamia uwanjani. Hatua ya kwanza ikiwa ni cheki, watu wanaijaribu mapema kwa sababu cheki ndiyo kila mtu huanza nayo. Hatua ya kimya ambayo haimgusi mfalme ni ngumu zaidi kuiona, na watunzi wa muda mrefu huithamini zaidi. Hilo utaambiwa na mtu, tena mtu aliyehangaika na fumbo lako mwenyewe bila msaada.

Ndiyo maana nawaomba wanaokosoa: kosoeni kwa hatua. "Fumbo bovu" halimsaidii mtu. "Ngome e8 nayo inatoa meti" humpa mtunzi kazi ya jioni nzima. Na usidhani kwamba kwa kuwa kiwango chako ni kidogo huna la kusema.

Mwaka 1895, gazeti moja la Glasgow, Uskoti, lilichapisha mwisho wa mchezo ambao mwandishi wa safu yake ya sataranji, Georges Barbier, aliamini kuwa ni sare. Mchezo umefikia hapa, zamu ya Mweupe: mfalme mweupe c2, askari wake c7, mfalme mweusi a1, ngome yake d4. Askari anayefika mwisho wa ubao hugeuka kete nyingine; huyu akigeuka malkia pale c8, Mweusi anaitoa ngome kafara c4 kwa cheki. Malkia akiila, mfalme mweusi hana pa kwenda wala hajatishiwa, ni sare. Unaona uzuri wake? Aliyekuwa anazama ndiye anayetoa kafara, na anaokoka kwa kuliwa.

Fernando Saavedra, padri wa Kihispania aliyekuwa akiishi Glasgow, hakuwa bingwa wa aina yoyote. Aliuliza kitu kimoja: kwa nini askari awe malkia? Akamgeuza ngome. Sasa kafara ya c4 haina maana, kwani ngome nyeupe ikiila, mfalme mweusi bado ana pa kukanyaga, a2. Halafu kuna tishio la ngome kwenda a8, meti. Mweusi anaziba kwa ngome a4, mfalme mweupe anakanyaga b3: anaitishia ngome hiyo, na papo hapo anatishia meti pale c1. Mweusi hawezi kuzuia yote mawili. Leo pozisheni hiyo inajulikana duniani kote kwa jina la padri aliyeikosoa.

Kwa hiyo ukiniletea fumbo lako, andika nani anaanza na anatakiwa kufanya nini: meti kwa hatua ngapi, au ushindi, au sare. Jibu lifiche, nisilione kabla sijatoa jasho. Nami nitapanga kete zako ubaoni, kifuniko cha soda na vyote, na kabla sijamgusa malkia nitajaribu kwanza ngome.