Programu ya bure ya kuchora bodi ya saketi: anza na KiCad

Ndugu, umeuliza uchague ipi kati ya KiCad na EasyEDA kwa bodi ya kidhibiti chaji cha sola, na umesema bando lako ni la kuungaunga. Mimi nakushauri KiCad, bila kusita. Kuipakua kunakula zaidi ya gigabaiti 1, kwa hiyo tafuta Wi-Fi siku hiyo, lakini ukishaisakinisha unafanya kazi bila intaneti kabisa. Haina ukomo wa ukubwa wa bodi, na faili zako zinakaa kwenye kompyuta yako. Ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras wa Ufaransa, na baadaye CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, wakaichangia sana.

EasyEDA ni nyepesi kuanza nayo na vipuri vilivyomo kwenye maktaba yake ni vingi mno. Shida ni kwamba kwa kawaida inategemea mtandao. Eagle, programu nyingine ya aina hii, achana nayo; wenye nayo, kampuni ya Autodesk, walishatangaza kuisitisha 2026.

Jambo la kuangalia kwa makini ni alama za miguu ya vipuri (footprint), yaani mchoro wa mahali miguu ya kipuri inapokaa kwenye bodi. Chukua AMS1117, kipuri cha kudhibiti volti: bati lake la mgongoni limeungana na mguu wa kutoa umeme, wakati la 7805, kidhibiti volti kingine, limeungana na graundi. Ukizoea moja ukachora nyingine vivyo hivyo, umepiga shoti. Soma datashiti (maelezo ya kipuri kutoka kwa mtengenezaji) kwanza, kisha chapisha bodi kwenye karatasi kwa kipimo cha 1:1, uweke vipuri vyenyewe juu yake kabla hujatuma kiwandani faili za Gerber, yaani zile kiwanda kinazotumia kutengeneza bodi.