Swali la lugha: Mti wa dhahania au sintaksia ya dhahania?

Swali: Ninaandaa mwongozo wa programu ndogo inayosoma msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa, na kutoa muundo wake kwa umbo la mti. Nimeandika: "Programu huchambua msimbo chanzo na kuchapisha mti wa dhahania wa sintaksia." Mwenzangu anasisitiza iwe "mti wa sintaksia ya dhahania". Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Mwenzako ndiye aliye sahihi, na tofauti yenu imebebwa na upatanisho wa kisarufi. Ukiandika "mti wa dhahania", sifa hiyo inaushika mti, na msomaji aliyezoea kusikia kwamba upendo na uhuru ni nomino za dhahania kwa kuwa hazishikiki atadhani kuwa mti wenyewe ni wa kufikirika tu. Sivyo. Mti huo umejengwa katika kumbukumbu ya kompyuta, una mzizi, matawi na vifundo, yaani vituo ambavyo matawi huviunganisha, vinavyohesabika. Kilicho cha dhahania ni sintaksia, kwa maana kwamba mambo yanayohusu namna ya kuandika pekee yameachwa, yakabaki yale yanayoamua nini kinatendwa juu ya nini.

Chukua 2 + 3 * 4, ambapo * ni alama ya kuzidisha. Mzizi wa mti wake, ambao huchorwa juu kabisa, ni kujumlisha. Tawi la kushoto lina 2, na la kulia lina kuzidisha, ambako chini yake zimo 3 na 4. Ukiandika (2 + 3) * 4, kuzidisha ndiko kunakopanda kuwa mzizi, nako kujumlisha kunashuka kwenye tawi la kushoto. Mabano hayaonekani popote katika mti huo, kwa sababu kazi yake imekwisha kubebwa na umbo la mti. Nafasi za ziada nazo kwa kawaida huachwa vivyo hivyo. Mti unaohifadhi kila bano na kila alama ni mwingine, nao unafaa kuitwa mti wa uchanganuzi.

Kwa sababu hiyo siupendi sana mtindo wa kuandika "mti wa sintaksia dhahania", ingawa ni mfupi na unasomeka. Neno dhahania likikosa a-unganifu halichukui kiambishi chochote, na msomaji hubaki akikisia linaishika nomino ipi kati ya mbili, ilhali lugha yetu ina "wa" na "ya" za kumwondolea shaka hiyo.

Kuchambua si kosa, lakini kuchanganua kunafaa zaidi. Kuchambua kwa asili ni kutenga kinachofaa na kisichofaa, kama pamba inavyotengwa na mbegu na takataka, na hata katika fasihi uchambuzi hubeba ladha ya kutoa hukumu. Kuchanganua ni kauli ya kutendua ya kuchanganya, kama kufungua kulivyo kwa kufunga. Mwanafunzi anayeigawa sentensi kwa mchoro wa matawi, akianzia S (sentensi), akashuka hadi KN na KT (kikundi nomino na kikundi tenzi), kisha N na T (nomino na kitenzi), huiita kazi hiyo uchanganuzi wa sentensi. Programu yako nayo inafanya jambo la namna hiyohiyo, isipokuwa kwamba kwanza hukata mfululizo wa herufi kuwa vipashio, kama vile namba, majina na alama, kisha huvipanga kwa kufuata sarufi ya lugha ya programu inayohusika, na pale vipashio visipokubaliana na sarufi hiyo hukataa kuendelea na kutoa ujumbe wa kosa.

Kuchapisha ndiko kunakonisumbua zaidi. Neno hilo humpeleka msomaji kwenye karatasi au kwenye kitabu kinachotolewa kwa umma, wakati programu yako inaugeuza mti kuwa maandishi na kuyaonyesha kwenye skrini. Hizo ni hatua mbili, na mwongozo mzuri huzitaja zote. Katika lugha ya programu ya Python, kwa mfano, moduli (fungu la msimbo ulio tayari kutumika) ya ast ina kitendakazi parse kinachojenga mti, na kingine, dump, kinachoutolea maandishi. Tangu toleo la 3.9, dump hupokea kigezo indent, ambacho husogeza ndani vifundo vya chini kulingana na kina chake.

Ningeandika hivi: "Programu huchanganua msimbo chanzo na kuonyesha, kwa maandishi, mti wa sintaksia ya dhahania." Msimbo chanzo uuache ulivyo, ukisema "chanzo cha msimbo" utakuwa unataja mahali msimbo ulikotoka.